Sakafu Yangu Nyekundu na Dungu la Shemeji

Shule niliiachia darasa la nne, na sioni haya kusema. Nilianza hapa Garsen kwa kusukuma mkokoteni wa maji. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, na nyumba nyingi za mji huu zimesimama kwa simiti iliyotoka kwangu. Kwa hiyo nilipoamua kufuga kuku wa mayai, nani angenifundisha habari ya sakafu?

Nilimwaga zege, nikapiga plasta laini, juu nikatia rangi nyekundu na kuing'arisha kama sebule. Matandiko nikaagiza unga wa mbao kwa seremala wa Tarasaa, magunia kwa magunia. Watu walikuja kutazama, nikawaacha watazame.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja pia. Yeye ni mkulima wa mpunga kule Wema, mtu wa kupendwa na kila anayekutana naye, na ndicho kinachoniudhi. Alisimama mlangoni akauliza, "Shemeji, niingie na viatu au nivue?"

"Ingia tu. Ni banda la kuku."

"Basi wanunulie kandambili, wasije wakateleza."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa maneno yangu hajacheka hivyo siku nyingi.

Kumbe shemeji naye alitaka kufuga, kwenye kiwanja chake nyuma ya changu. Unajua alileta nini? Dungu. Lile jukwaa la miti ambalo watu wa mtoni hupanda shambani kufukuza ndege wasile mpunga. Alilifungua baada ya mavuno, akalileta kwa trekta, akalisimamisha upya, akaliezeka makuti na kulizungushia wavu. Sakafu yake ni fito zilizoachiana nafasi kidogo. Kinyesi kinaanguka chini, upepo unapita. Kwenye viota akatandika makapi makavu ya mpunga. Hata msumari hakununua kwangu. Alifunga kila kitu kwa kamba.

Nikasema moyoni, ngoja mvua ije.

Ikaja, ya upepo. Wakati huo mama mmoja mwenye hoteli kando ya barabara ya Malindi alikuwa anatafuta mtu wa kumletea mayai kila asubuhi, akasema atapita kwetu sote wawili ajionee. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyoonyesha. Wasafiri wote husimama pale, na nilitaka wakila waambiwe mayai ni yangu.

Alianzia kwangu. Maji yaliyopulizwa na upepo yalikuwa yamekosa pa kwenda, unga wa mbao umeshikana kama uji wa jana, kuku wanapiga chafya na mayai yamejaa uchafu. Mama akaziba pua kwa ncha ya leso.

"Sakafu nzuri, baba," akasema. "Ningeipata jikoni kwangu ningefurahi."

Kisha akaenda nyuma, akatia mkono kwenye kiota cha shemeji, akatoa yai, akalifuta kwa leso na kuitazama leso. Haikuwa na doa.

"Wewe utaniletea," akamwambia.

"Hata ya shemeji ni mazuri, mama," akajibu. "Shida ni hii mvua tu."

Alinitetea mbele ya mke wangu, aliyekuwa ametufuata huko nyuma. Afadhali angenicheka.

Sikuishia kwenye maneno. Nilijenga dungu langu, nguzo nene, misumari ya dukani kwangu, na nikalipandisha juu kuliko lake. Kuku wangu sasa ni wakavu na mayai ni safi, mtu asikudanganye. Shemeji alipoliona alisema, "Hili wataliona mpaka watu wa kule Wenje." Nilimtazama usoni nijue kama ni dhihaka. Haikuwa.

Lakini yule mama hajabadilisha mtu. Kila asubuhi nikifungua duka, shemeji anapita na pikipiki, trei za mayai zimefungwa nyuma, ananipigia honi ya salamu. Nainua mkono. Nifanyeje?

Na ile sakafu yangu nyekundu, niliyoing'arisha kwa mikono hii, iko juani tangu paa lihamie kwenye dungu, na mke wangu huanikia hapo mpunga wa kaka yake. Anasema hakuna mahali pazuri kama hapo mji mzima. Ukishakobolewa, makapi yanarudi kwa mwenyewe, yanaingia kwenye viota vyake. Nami nikitaka ya kutandikia kuku wangu, lazima nizunguke nyuma ya ua nikamwombe. Hajawahi kuninyima.