Chumba cha Kamongo

Shuleni, mapadri walitufundisha kwa Kifaransa kwamba dubu hulala pangoni majira yote ya theluji. Tulikariri hayo hapa Kindu, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuiona theluji. Kuhusu kamongo, samaki wa mabwawa yetu mwenye mapafu, hatukufundishwa lolote. Ya kamongo nilijifunza wakati wa vita, kwa mjomba.

Kiangazi kimoja cha vita hivyo tulikuwa watatu: mjomba, mke wake aliyekuwa hoi kwa homa, na mimi, mwalimu asiye na shule. Tulikuwa tumeukimbia mji, tukajificha katika kibanda msituni, nyuma ya Alunguli, ng'ambo ya mto, kando ya bwawa lililokauka. Kamongo walikuwa chini ya tope lile gumu, kila mmoja amejikunja ndani ya chumba chake, amejifunika utando wa ute mkavu, akivuta hewa kwa tundu lisilozidi upana wa kidole. Mjomba alilitambua tundu hilo kwa jicho tu, kisha akachimba.

"Mwalimu, unajua dubu wa Ulaya," alinicheka, "lakini samaki wa kwenu anakushinda!"

Kila alipomtoa mmoja alilifukia shimo, akalikanyaga, akatandaza majani makavu juu yake. "Shimo wazi linasema: hapa iko watu. Ufunge, mwalimu. Kila siku ufunge."

Siku moja nilichimba peke yangu, nikapata. Chumba kilikuwa kizima, kuta zake laini kama ndani ya mtungi. Nilikipima kwa kamba. Karatasi yangu ilikuwa kibandani, na jua lilikuwa linatua. Nikaliacha shimo wazi ili nirudi asubuhi kukichora.

Asubuhi watu wenye bunduki walikuwa wamesimama juu ya shimo langu. Mimi na mjomba tuliwaona kutoka vichakani. Mgonjwa kibandani hakuweza hata kuketi, seuze kukimbia. Mjomba alichukua jembe, akazunguka upande wa pili wa bwawa, akawatokea kama mtu atokaye mbali.

"Ni mimi nachimba," nilimsikia akisema. "Niko peke yangu."

Walimtwika mizigo, wakaondoka naye kwa njia ya Kampene. Hakurudi.

Mke wake anaishi Alunguli hadi leo. Miaka yote ameamini kwamba wale wenye bunduki walivutwa na moshi wa moto tuliomkokea alipokuwa akitetemeka. Nami nilimwacha aamini. Mwezi uliopita, akichambua sombe, majani ya muhogo, aliyasema tena: "Moto ule ulikuwa wangu. Ni mimi nilimuua."

"Si moto, mama. Ni shimo. Niliacha wazi. Nilitaka kuchora chumba cha samaki."

Mikono yake ilisimama juu ya majani.

"Ulichora?"

"Sikuchora. Nilipima tu."

"Na kipimo kile, ulikifanyia nini?"

Sikuwa nimekifanyia kitu. Akaendelea kuchambua, na siku hiyo hakunikaribisha chakula.