Risiva ya Kumrudisha Baba

Nina wivu. Nimeshasema, tuendelee. Wapo watu watakaokwambia, "Ah, mimi nilimfurahia tu mdogo wangu." Thubutu! Mimi mdogo wangu akipata kitu roho inaniuma, na hainitulii mpaka na mimi nipate kikubwa zaidi. Tumezaliwa wawili tu, mimi kifungua mimba na yeye kitinda mimba, na katikati yetu hakuna mtu wa kutuamulia.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko mbele ya nyumba, na uani mume wangu ana karakana yake ya kushona makochi. Watu wote wanamwita Sponji, hata mimi, maana hajawahi kuingia ndani bila vipande vya sponji kichwani. Ni mpole, ukimwacha. Ila ana mwanyumba wake, mume wa mdogo wangu, karani wa bima anayevaa shati jeupe hata siku ya kufua. Mtaje huyo, upole wa Sponji unakwisha. Kwa hiyo nyumbani kwetu kijicho ni cha mke na mume.

Sasa baba. Baba yetu alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka tangu ujana mpaka mvi. Mama alipofariki alibaki peke yake kwenye nyumba ya kupanga, na mwaka huu mwenye nyumba akasema anaitaka nyumba yake, mwanawe anaoa. Mimi na mdogo wangu tukamkalisha baba, tukamwambia achague ahamie kwangu au kwake. Akacheka, akasema atatujibu mwezi ukiisha.

Mimi nilijua jibu. Nani asiyelijua? Kila Jumamosi baba alikuwa anakuja saluni, anakaa kwenye benchi la wateja, tunagombana. Tunagombana kuhusu bei ya mkaa, kuhusu viongozi, kuhusu dawa za nywele ambazo yeye anasema zinaingia kwenye ubongo. Wateja walikuwa wanacheka mpaka nashindwa kuwasuka. Chumba chake nilishakipaka rangi.

Halafu Jumamosi zikaanza kupotea. Mara mgongo, mara mvua. Nikasema uzee huo. Mpaka mteja wangu mmoja, mjumbe wa habari zisizoombwa, akaniambia huku nikimchana, "Baba yako haumwi. Kila Jumamosi namwona kwa mdogo wako. Wanaangalia sinema pale, mtaa mzima unasikia."

Sinema! Nilimwacha na nusu kichwa, nikaenda.

Nilimkuta baba katikati ya sebule ya mdogo wangu kama bwana harusi. Mbele yake televisheni imejaa ukuta, spika kila pembe, na chini ya televisheni kuna risiva nyeusi yenye taa ya buluu, ndiyo inayogawa sauti kwa hizo spika zote. Ilikuwa sinema ya mahakamani, na baba anambishia wakili. "Muulize kisu kilikuwa wapi!" anasema. "Muulize, wewe!" Anacheka, anapiga goti. Baba huyo huyo kwangu nikiwasha televisheni anasinzia kabla ya habari kwisha. Na kochi alilokalia, jamani, ni letu! Sponji alilishona kwa mikono yake, zawadi ya harusi yao.

"Dada, karibu!" akasema mdogo wangu. "Mbona una chanuo mkononi?"

"Napita tu," nikasema. Nikajifanya nampiga baba picha, nikaipiga risiva.

Nilipomhadithia Sponji alikuwa anakaza mkanda wa kochi la mtu. Aliitupa nyundo mpaka paka akahama uani.

"Kiti nimeshona mimi," akasema, "sifa anazoa yeye. Sawa. Kesho dukani."

Muuzaji alikuwa mwanamume mnene mwenye miwani na subira nyingi. "Kwanza niambieni," akasema, "sebule yenu ikoje, na mnapenda kuangalia nini?"

"Tunataka ya kuizidi hii," nikamwekea simu chini ya pua.

Akaitazama picha. "Hii ni nzuri. Ya wastani."

Ya wastani! Ningeweza kumkumbatia. Nilimwomba arudie ili Sponji asikie vizuri, akarudia, na sote wawili tukasonga ndani ya duka kifua mbele. Sponji hakusoma chochote kilichoandikwa kwenye maboksi. Alikuwa ananyanyua risiva moja moja, anaipima mikononi, anairudisha.

"Hii nyepesi. Ndani hamna kitu."

"Fundi, risiva hainunuliwi kwa uzito," muuzaji akasema.

"Kochi jepesi lina mbao mbovu. Hata wewe unajua."

Tukachukua nzito kuliko zote, yenye vitufe vingi mpaka mtu unaogopa kuigusa. Muuzaji akaanza kutupangia spika za kwenda nayo. Hizi mbili za mbele, hizi mbili za nyuma, sabufa ya kutoa ule mtikisiko, na hii ndefu ya kulala chini ya televisheni ndiyo spika ya kati. "Maneno ya waigizaji yanatoka hapa," akasema.

"Kwani wengine hawasemi?" nikamuuliza. "Maneno hata televisheni yenyewe inatoa. Ukiitoa hiyo, tunaweza kupata sabufa ya pili?"

"Mnaweza, lakini..."

"Mdogo wangu ana sabufa ngapi kwenye hiyo picha?"

Akatazama. "Moja."

"Basi."

Alinyanyua mabega, akafunga mzigo. Mteja akishajua anachotaka, muuzaji afanye nini?

Na Sponji naye, kwa ufundi wake, akaongeza lake. Alipasua tumbo la kochi letu kubwa, akatoa sponji, akaingiza sabufa moja humo ndani, akalishona upya kwa kitambaa chepesi ili sauti ipite. Nyingine akaiweka nyuma yake. "Mwanyumba wangu anasikia mtikisiko kwa masikio," akasema. "Baba ataukalia."

Jumamosi iliyofuata tuliwaalika wote, maana ya nini kumwandalia mtu wivu halafu usimwite aje kuuonja? Baba tukamkalisha pale pale, juu ya tumbo la kochi, na chai yake mkononi. Mdogo wangu akakaa kulia kwake, mumewe kando. Nilikuwa nimetafuta sinema ya mahakamani, na kwa bahati ilianza na gari kulipuka.

Loo! Madirisha yalilia. Kochi liliruka kama punda aliyeumwa na nyuki, na chai ya baba ikahamia kwenye lile shati jeupe la karani wa bima. Sponji uso uliwaka kwa furaha. Sijamwona hivyo hata siku ya harusi yetu.

"Unaisikia, baba?"

"Naisikia, mkwe wangu," baba akasema, ameshika mkono wa kochi. "Naisikia mpaka kiunoni."

Shemeji alijifuta, akachungulia chini ya televisheni. "Shemeji, spika ya kati iko wapi?" akaniuliza taratibu.

"Tumeweka sabufa mbili," nikamjibu, nikibonyeza neno mbili.

Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama chini. Na mimi nikasema moyoni, inawauma, inawauma, na nikaenda kuongeza sukari kwenye chai yangu.

Sinema ikaendelea, na ikawa ya maneno. Mashahidi wakasema, mawakili wakasema. Baba hakumbishia hata mmoja. Nilidhani kashikwa na utamu wa hadithi. Mwishoni jaji akasimama kutoa hukumu, sebule nzima kimya, na alipoitamka sote tukapiga kelele, maana aliyefungwa ni yule tusiyemdhania.

Baba hakupiga kelele. Aligeuza uso, akamtazama Sponji, akamtazama shemeji, akanitazama mimi, uso baada ya uso, kwa haraka, kama mtu aliyechelewa msibani hajui aanze kulia au asubiri. Alikuwa anatafuta kwenye nyuso zetu kama acheke au asikitike.

Mdogo wangu alimwinamia sikio la kulia. Hakufanya kishindo, hata mkono hakuuweka mdomoni. Akasema maneno machache. Baba akatikisa kichwa, "Aaah! Yule mke!" na ndipo akapiga goti lake.

Nilisimama, nikamvuta mdogo wangu jikoni.

"Tangu lini?"

"Dada, si..."

"Nakuuliza tangu lini!"

"Mwaka jana," akasema. "Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia linasikia maneno kama yakitoka mbele yake, safi, peke yake. Ni ile mashine ya kusaga. Ndiyo maana mume wangu alinunua ile spika ya kati, hizo nyingine zilikuja nayo tu. Sisi hata sinema hatuzipendi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini msidhani niliona haya. Wivu ndio ulinipanda upya, mbichi, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Aliambiwa yeye. Kitinda mimba niliyekuwa namfuta kamasi, ndiye aliyeambiwa siri ya baba yangu.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

Akaanza kuosha kikombe kisafi. "Alisema... dada usikasirike. Alisema siri ikiingia saluni kwako inatoka imeshasukwa."

Nilikasirika, kwa sababu ni kweli.

Kesho yake niliirudia ile spika ya kati dukani, na muuzaji, Mungu ambariki, hakusema neno. Sponji aliifunga kimya kimya. Sabufa ya tumboni akaitoa, akarudisha sponji. Nikangoja. Kila nilipokutana na mdogo wangu nilimchunguza uso kama ameshapewa jibu, nikawa silali vizuri.

Mwezi ulipoisha baba alikuja saluni, si Jumamosi, siku ya katikati ya wiki ambayo hakuna wateja. Akakaa kwenye benchi. Nilizunguka upande wake wa kulia, nikainama, nikasema polepole, laini, neno baada ya neno, "Baba. Umeamua. Utahamia. Wapi?"

Akauvuta uso nyuma, akanitazama.

"Umeshaambiwa," akasema. "Ona unavyosema na mimi. Umeanza."

"Nimeanza nini, baba?"

"Kuninyenyekea. Kila nikipita watu wananiambia ndiyo mzee, pole mzee. Nilibakiwa na mahali pamoja tu pa kupingwa, ndipo hapa. Na sauti yako wewe haihitaji sikio zima." Alicheka kidogo. "Lakini wateja wako walianza kunijibu na mimi sijui wamesema nini. Nikaacha kuja kabla hawajajua. Nahamia kwa mdogo wako, mwanangu."

"Chumba nimepaka rangi."

"Najua. Kule nitakaa na uziwi wangu, wameshauzoea. Hapa nataka niwe nakuja nikiwa baba yako. Nitakuja Jumamosi."

"Jumamosi ni mbali," nikasema, bado kwa sauti ile ya hospitali.

Akaweka kiganja nyuma ya sikio, mzee yule, akanikunjia uso. "Sikusikii."

"JUMAMOSI NI MBALI!" Nilipiga kelele mpaka Sponji akatoka uani na mkasi mkononi. "Na huyo mdogo wangu asidhani ameshinda! Na hizo dawa za nywele haziingii kwenye ubongo, nimekwambia mara ngapi, baba!"

"Ehee," baba akasema, akajiweka sawa kwenye benchi. "Zinaingia."