Kamba Haikuwa Kavu

Saa moja asubuhi, uani kwa ghala la vifaa vya ujenzi, mpakiaji wanayemwita Fundo anaiweka kamba ya katani shavuni. Ina ubaridi wa unyevu. Anaitupa pembeni na kwenda stoo kuchukua nyingine, huku dereva akipiga honi.

"Apige tu," anasema. "Honi haijawahi kuzuia mzigo kuanguka."

Amepakia malori hapa miaka kumi na tisa. Wenzake humtania kwamba fundo lake hata shetani hawezi kulifungua. Zamani utani huo ulimpendeza.

Kila mpakiaji anajua kwamba katani iliyolowa hujikaza, na jua likiikausha hulegea. Fundo alijua pia, asubuhi ile ya mvua miezi minane iliyopita, alipofunga tani saba za mabomba kwa kamba zenye maji. Stoo ilikuwa hatua arobaini tu, lakini njaa ilimshika na chai ilikuwa inapoa. Dereva, mume wa dada yake, aliuliza kama kamba ni kavu.

"Nikamwambia, 'Kavu kabisa shemeji, nenda kwa amani.' Kwa mdomo huu huu."

Mchana jua likawaka. Kwenye kona mabomba yakahamia upande mmoja, lori likalala ubavu. Shemeji alivunjika mguu, kisha akafukuzwa kazi kwa madai ya mwendo kasi. Fundo alipoulizwa, alisema mzigo aliufunga vizuri.

Kinachomchoma ni kwamba shemeji naye ameamini kwamba kosa ni lake. Kila Jumapili Fundo huwapelekea unga na sabuni, na dada humsifu mbele ya watoto. Wiki iliyopita shemeji alimshika mkono, akamwomba radhi kwa kumharibia jina la kazi yake.

"Na mimi nikakaa nikala," anasema, macho chini. "Nikaomba waniongeze. Naona aibu hata kuvua viatu mlangoni kwao."

Mficha uchi hazai. Mguu wa shemeji umepona, na tajiri mwenye malori anatafuta dereva, ila amesema hamrudishi mtu anayekata kona ovyo. Kesho saa tatu Fundo ataingia ofisini kwake kusema kweli, hata kama atatoka bila kazi. Lakini shemeji lazima asikie kwanza, tena kutoka kwake.

Dereva wa leo anachungulia dirishani, anauliza kama kamba ni kavu. Fundo anamshikisha ncha.

"Pima mwenyewe."

Jioni atapita kwa shemeji mikono mitupu, bila unga wala sabuni.