Waya za Meno na Kahawa ya Kamachumu

Tak. Niliusikia mlio huo kabla sijaona chochote, na niliusikia kwa ndani, kwenye mfupa wa shavu. Nilikuwa sebuleni kwa bibi yangu, Kamachumu, nimeketi kwenye mkeka na punje ya kahawa kavu kati ya meno. Sikuhitaji kioo. Ncha ya ulimi ilikwenda yenyewe juu, upande wa kulia, kwenye jino la chonge, ikakuta kijichuma kilichogandishwa hapo kwa gundi sasa kinateleza kwenye waya kama shanga kwenye uzi.

Kilikuwa cha tatu kung'oka. Mwezi mmoja kabla, daktari alikuwa amenishikia kioo kidogo mbele ya mdomo akanionyesha madoa meupe yaliyoanza kuzunguka vijichuma, akasema hapo jino linaanza kuliwa. Kisha akanyanyua kwa kibano kijichuma kilichokuwa kimevunjika mara hiyo. "Ukirudi hivi tena," alisema, "natoa waya zote. Meno yaliyopinda yakiwa mazima ni afadhali kuliko yaliyonyooka yakiwa yameoza." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo kwa wengi siku hiyo.

Waya hizo nilikuwa nimezivaa mwaka mzima na miezi miwili, kwa ajili ya jino moja. Chonge yangu ya kulia iliota juu ya wenzake, kama mtu aliyechelewa misa akakuta benchi limejaa, akabaki amesimama. Tangu darasa la tano nimecheka na kiganja mdomoni. Nilipoanza kusoma hadithi zangu mbele za watu pale mjini Bukoba, nilishika karatasi kwa mkono mmoja na mdomo kwa mwingine, mpaka mzee mmoja wa ukumbini akaniuliza kama naumwa jino. Nilitaka kusoma nikiwa na mikono miwili. Hicho tu ndicho nilichotaka, na jino lilikuwa limeshuka, limebakiza upana wa punje ya mchele kufika mahali pake.

Nani angenihurumia kwa uchovu wa meno? Asubuhi, mchana na jioni nilisimama nyuma ya chumba nilichopanga Kitendaguro, kikombe cha maji kwenye ukingo wa dirisha, nikipiga mswaki wa kawaida kwanza, kisha kile kijiswaki chembamba kinachopita chini ya waya, jino moja baada ya jingine. Ganda la haragwe hujificha. Mwiba wa dagaa hujificha zaidi. Kila daktari alipokaza waya, siku tatu nzima nilikula ndizi zilizopondwa, na usiku nilifinyanga nta kidogo na kuibandika mahali waya ulipochoma shavu. Tangu nionyeshwe yale madoa sikuruka hata mara moja. Kulikuwa na jioni nilizopiga mswaki nikiwa nimefumba macho, nimeegemeza paji la uso ukutani.

Kijichuma cha kwanza niliking'oa kwa muwa, nikijiona mjanja kwa kuuma kwa meno ya pembeni. Cha pili kiliondoka msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, na hapo sina cha kujitetea, maana hakuna aliyenilazimisha. Cha tatu ndicho kilichokuwa na sababu.

Kwetu mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Akiisha kukaa, mwenye nyumba huleta kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, akamwani, iliyochumwa ikiwa bado mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa na maganda yake. Mwenye nyumba hutangulia kutia punje mdomoni, ili mgeni aone kuwa hakuna ubaya. Kisha kikapu huja kwako. Ukikiacha kipite, umesema jambo kubwa bila kufungua kinywa.

Mimi nilikuwa nimekiacha kipite. Safari iliyotangulia nilimwambia bibi kuwa daktari amekataza vitu vigumu. Hakubishana. Alikifunika kikapu kwa jani la mgomba, akaniuliza habari za mjini. Baada ya wiki mama akanipigia simu kunieleza kwamba bibi amewaambia majirani mjukuu wake siku hizi anaiangalia kahawa yake kama ya mchawi. Kwa hiyo safari hii nilipiga magoti, nikamwamkia kama nilivyofundishwa, na kikapu kilipofika nikachukua punje tatu, nikauma ya kwanza kwa nguvu, ili asikie.

Naye alisikia. Macho yake yana ukungu, lakini masikio hayajambo.

"Nini hicho kimevunjika?" aliuliza.

Nikamwambia ni chuma cha jino. Nikamwambia pia, kwa sauti iliyokuwa inataka kulia, kwamba daktari ameahidi kuzitoa waya zote, na kwamba nimeuma kwa heshima yake.

Akageuza uso, akatoa kitu mdomoni kwa vidole viwili, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa punje yake ya kahawa. Nzima, ganda lote, imelainika na kung'aa kwa mate.

"Mimi nitauma kwa nini, waitu, mjukuu wangu?" alisema. "Kwa fizi?"

Nilimtazama kinywa kama vile sijawahi kukiona. Bibi ana meno mawili ya chini, yameachana kama majirani waliogombania mpaka. Nilijua. Sote tulijua, tulimpondea nyama, tulimchagulia ndizi laini. Na miaka yote hiyo tulimwona akitangulia kutia kahawa mdomoni, wala hakuna aliyejiuliza anaitafunaje. Alikuwa anaiweka shavuni, anaifyonza mpaka mgeni aondoke, kisha anaitema chini ya mgomba.

"Nani alikwambia uume?" aliendelea. "Kuchukua ndiyo heshima. Ukishachukua, kinywa ni chako. Mmesoma mpaka mkapitiliza."

Nikacheka, kiganja mdomoni. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata wangu, akaushusha. Akaniambia meno yake yaling'olewa moja moja kwenye zahanati ya misheni, kwa sababu siku zile jino likiuma lilitolewa, basi, na kwamba la mwisho la mbele liliondoka wiki ya arusi ya mama yangu, kwa hiyo katika picha zote za arusi amefumba mdomo. Hilo sikulijua. Nilidhani alikuwa na hasira siku ile.

Nilipoaga, alinifungashia akamwani kwenye jani la mgomba, akaifunga kwa kamba ya mgomba. Ni ya daktari, alisema. Akichukua, atakusikiliza.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya daktari, nikashuka Bukoba na kile kifurushi mkobani. Daktari si mtu wa kwetu, huja mara moja kwa mwezi kutoka Mwanza. Muuguzi anayemsaidia ndiye wa Muleba, mama wa makamo anayeita kila mgonjwa "mwanangu", hata wanaomzidi umri. Nilijilaza kwenye kile kiti kirefu, nikafungua kinywa, nikasubiri. Taa ilikuwa kali. Nilihesabu vigae vya dari, nikavirudia, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sehemu yangu moja ilitamani azitoe, yaishe, nile muhogo wa kuchoma kama watu.

Aligusa kijichuma kilicholegea. Akapita jino kwa jino na kile chuma chake chenye ncha, taratibu, juu kisha chini. Mwishowe aliuliza nimevunjia nini. Nikasema kahawa. Akashangaa, akasema kahawa huwa anawakataza watu kwa sababu inatia rangi, hajasikia inayovunja. Muuguzi akamweleza habari ya kikapu, mgeni na punje, na nilipoongeza ya bibi anayeifyonza kwa meno yake mawili, akashindwa kuendelea kwa kicheko.

"Madoa hayajaongezeka," daktari aliniambia. "Umeyasafisha."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilisema nitatoa kwa sababu ya uchafu. Kijichuma nakibandika." Akavua glavu moja, akapangusa jasho. "Lakini sasa chonge nitaivuta kwa waya mwembamba, polepole, kisije kikang'oka tena. Nilikuwa nakuhesabia miezi miwili. Sasa ni sita."

Sita. Nikaona ukingo wa dirisha, kikombe, kijiswaki. Sikufurahi, wala sikulia. Nikafungua kinywa tena.

Alipomaliza kukaza, taya lote lilikuwa linapwita. Muuguzi alichukua ile karatasi ya vyakula vilivyokatazwa wanayowapa wagonjwa, yenye barafu na bisi na pipi za kunata, akaongeza chini kwa kalamu yake: muwa, senene, akamwani. Akafikiria, akaandika pembeni mwa akamwani: kufyonza ruksa.

Nikatoa kifurushi. Nikamwambia daktari kimetoka kwa bibi. Alikifungua, akachukua punje moja, akaitazama, akaiinua kuelekea mdomoni.

"Usiume, daktari," muuguzi alisema.

Akaiweka shavuni. Tulibaki hivyo kidogo, yeye shavu moja limevimba, mimi mdomo mzima umevimba, hakuna aliyeweza kuzungumza vizuri. Kisha akaita jina la anayefuata, nikachukua mkoba wangu, nikatoka, na mlango ukafungwa nyuma yangu.