Siku Mkwe Wangu Aliponikuta Kwenye Kitanda cha Kupimia Moyo

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, chekeni kwanza mmalize, kisha mnisikilize. Aibu ni yangu na naieleza mwenyewe, maana kule Bunda kwa mkwe wangu wanaitia chumvi (eti nilikimbia hadi barabarani; sikufika barabarani, niliishia chini ya kitanda).

Mjukuu wangu Nyangeta anasoma chuo, na likizo hii alikuwa filidi, yale mafunzo ya kazi, huko Musoma, kwenye maabara wanakochunguza magonjwa ya moyo. Siku hiyo alitakiwa ampime mzee mmoja peke yake, msimamizi wake anaangalia, akishindwa anarudia filidi yote mwakani. Wazee aliowaomba walimkimbia, basi nikatoka Butiama nikalale mimi bibi yake.

Nikalazwa kifua wazi, Nyangeta akanibandika nyaya, akataka kufunga mlango kwa komeo. Nikamwambia, "Acha wazi kidogo, joto hili litaniua kabla ya ugonjwa." Hapo ndipo nilipojimaliza. Maana nani akaingia na deli, lile sanduku la barafu, lenye damu za kupimwa kutoka Bunda? Mkwe wangu, mume wa binti yangu Wegesa! Nilijua ni dereva, sikujua anabebaga damu. Na kwetu mkwe hata mkono hatupeani, akija njia hii mimi napita ile, sasa ananikuta kifua wazi!

Nikaruka na nyaya zangu nikaingia mvunguni, mashine ikanifuata inalia pii pii, mkwe naye akajifunika uso kwa deli akagonga ukuta. Msimamizi, kijana wa Dar asiyejua mila zetu, akadhani moyo umepasuka.

"Dereva! Mbebe bibi, haraka!"

"Siwezi, dokta."

"Huwezi nini, mtu anakufa!"

"Bora nife," nikasema kule mvunguni, "huyo asiniguse!"

Nyangeta hakucheka. Alivua koti lake jeupe, akanifuata mvunguni akanifunika. "Dokta, huyo ni mkwe wake. Atoke kwanza." Kisha akaninong'oneza, "Bibi, tukiishia hapa nimefeli."

Nikapanda tena kitandani, nikamwambia abandike nyaya upya. Akapima, akaona moyo wangu unarukaruka hata nikiwa nimetulia, akamwonyesha msimamizi kabla hajaulizwa. Yeye akafaulu, mimi nikapewa dawa za kila siku. Na tangu hapo sivui hata kitenge kabla sijasikia komeo.

Natoka nje, namkuta mkwe amechuchumaa nyuma ya gari, uso ukutani, jitu zima lenye ndevu linalia, "Nimemuua mama, nimemuua mama." Kumsogelea siwezi. Nikampa mgongo, nikamwambia Nyangeta kwa sauti kubwa, "Mwambie huyo mtu niko hai, na aache kulia juani."

Nilipofika nyumbani nikawakusanya wanangu wote nikaamuru: Jumamosi kila mtu mzima wa nyumba hii akapimwe moyo, na wa kwanza kulala kile kitanda awe mume wa Wegesa. Mimi siku hiyo nabaki Butiama.