Nilinyoosha Tairi Zikiwa Hewani

Ujinga wenyewe ni huu: nilipima tairi za kirikuu ya mama zikiwa hewani. Jeki imeinua gari, tairi za mbele zinaning'inia kama miguu ya kuku anayepelekwa sokoni, na mimi na kamba ya kuanikia nguo nimejikunja pale chini, najiona injinia.

Kirikuu ni pikapu ndogo ambayo mama hubebea mchele kutoka Magu mpaka kwa wateja wake Igogo. Wiki ile ilikuwa inavuta kushoto, na mama alisema fundi ataiona Jumatatu. Mimi Jumatatu niliiona mbali. Kwa ajili ya maonyesho ya fizikia shuleni nilikuwa nimetengeneza gari la mfano: waya, springi za kalamu, tairi za soli ya ndala. Nilikuwa najua tairi ina pembe zake. Ukiitazama kwa mbele, inaweza kuegemea ndani au nje. Ukizitazama mbili kutoka juu, pua zake zinaweza kukaribiana au kuachana, na zikiachana, gari halijui linakwenda wapi. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa zima. Mtu kama mimi hafai kusifiwa.

Basi Jumamosi asubuhi, mama anaoga, nikalegeza nati ya fimbo inayopeleka usukani kwenye tairi, nikaizungusha fimbo mpaka kamba ikagusa tairi sawasawa mbele na nyuma. Nikakaza, nikashusha jeki. Sikupima tena. Nikanawa, nikakaa kiti cha abiria kama mtoto wa kwaya.

Kwenda Magu, gari tupu, mama alisema tu, "Leo usukani mwepesi." Nikatabasamu upande wa dirishani.

Kurudi, na magunia nyuma, mambo yakabadilika. Halikuvuta kushoto tena. Lilitangatanga, mara huku, mara kule, na mama anarudisha usukani bila kupumzika.

"Hili gari limekunywa nini?"

"Labda upepo wa ziwani, mama."

"Tazama miti."

Nikatazama. Miti ilikuwa imetulia kama wanafunzi mstarini.

Nikatoa kwenye begi ule mfano wangu wa gari, ambao tangu nisifiwe natembea nao. Nikauinua juu: tairi zimenyooka, safi kabisa. Nikauweka pajani, nikaukandamiza kwa kidole gumba. Springi zikabonyea, na tairi za mbele zikaachana pua, moja inakwenda Musoma, nyingine Shinyanga. Nikaachia, zikanyooka. Nikakandamiza, zikaachana. Nilikuwa nimezinyoosha mahali ambapo hakuna gari linalopita.

Basi la abiria likatokea kwenye kona, linatujia kwa kasi, na kirikuu ikaanza kuteleza kuelekea katikati ya barabara. Mama akavuta usukani kwa mikono miwili. Honi ikapita sikioni kwangu, kisha upepo wa basi ukatusukuma pembeni.

"Mama, simama."

"Unataka nini?"

"Kukojoa."

"Utakojoa Igogo."

Mbele kulikuwa na mteremko, na chini yake lori linapandisha. Mguu wa mama bado ulikuwa kwenye mafuta.

"Mama, si mkojo. Nimegusa tairi."

"Umegusa nini?"

"Fimbo ya usukani. Asubuhi. Ulikuwa unaoga."

Alipunguza gia, akapunguza tena, lori likatupita, ndipo akatoka taratibu nje ya lami na kuzima injini. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Mimi siku zote nina utani mfukoni, hata msibani nimewahi kufukuzwa. Pale nilitafuta, sikupata hata mmoja.

Alishuka, akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye tairi. Ukingo wake wa ndani ulikuwa umeanza kulika kama umekunwa kwenye mbuzi ya nazi. Akampigia simu fundi aje na vifaa vyake. Kisha akanigeukia.

"Nionyeshe ulivyopima."

Nikaeleza haraka haraka, jeki, kamba, nati. Nikauinua ule mfano, nikaukandamiza kwenye boneti aone. Akatazama tairi za ndala zikiachana. Akanyanyua macho, akatazama kiti chake cha dereva, kilicho tupu.

Halafu akasema, "Na wakati unapima, mimi ulikuwa umeniweka wapi?"