Mama Mkwe Hakuitwa

Sokoni Katoro hakuna mama asiyeujua mdomo wa Nesi Noela. Anakwenda kununua nyanya, anauliza bei, halafu katikati ya kupatana anamuuliza muuzaji, mbele ya wateja, mara ya mwisho alipima lini saratani ya mlango wa kizazi. Wake za wachimbaji, mama lishe, wauza mitumba, wote ameshawasumbua mpaka wakaja zahanati kwa kuchoka kumkwepa. Huko huwalaza kitandani, huwapaka siki kwenye mlango huo na kuangalia kama pamegeuka peupe, dalili ya hatari, na muda wote anawachekesha wasione haya. Wakati wa chanjo ya wasichana ya kuzuia saratani hiyo ndiye anayezunguka shuleni na kuwajibu wazazi wanaodai kwamba sindano ile inaua kizazi. Mtu huyo huyo alishindwa kusema na mama mkwe wake, na jambo hilo halijamtoka rohoni mpaka leo.

Mama Masele, mama wa mumewe, ni mkulima wa Didia. Kila mwaka baada ya mavuno alikuwa akija Katoro na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akakaa kwa mwanawe mwezi mzima. Noela alimpenda, na alimwogopa. Katika nyumba ya Kisukuma aliyolelewa yeye, mama mkwe hupigiwa magoti, na malezi ya namna hiyo huyaachi mlangoni kwa sababu umesomea ukunga. Hata kanga ya mama mkwe ikiwa kambani, aliianua bila kuitazama sana.

Mama Masele, kwa upande wake, alimwamini kupita kiasi. Chanjo ilipofika Didia, na majirani wakawaficha mabinti zao, yeye aliwashika wajukuu mkono akawapeleka mwenyewe. Waliomcheka aliwaambia kwamba mkwe wake ndiye anayewachanja watoto wa Katoro, na mkwe wake hawezi kudanganya. Noela aliposikia alifurahi mno, akawasimulia wenzake kazini wiki nzima.

Mwaka juzi, wakiwa barazani wanachambua mchele, Mama Masele aliuliza, macho yakiwa kwenye ungo, kama wanaopimwa pale zahanati ni vijana tu au hata watu wazima huenda. Noela akajibu kwamba hata mabibi huja. Kisha akainuka kwenda kutazama mboga ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa. Alijua vizuri sana ameulizwa nini. Alijua na akakimbia, nesi mzima.

Siku chache baadaye alimkuta alfajiri anafua kanga nyuma ya choo, maji yamegeuka mekundu. Mwanamke aliyekoma hedhi miaka mingi hatoki damu hivi hivi, na hilo Noela mwenyewe huwafundisha wanafunzi wa uuguzi. Akapiga goti, akasema, "Shikamoo, mayu," yaani mama, akaitikiwa, akapita kama aliyefuata ndoo. Angeweza kumpeleka kwa Juliana, nesi mwenzake, ampime yeye. Lakini ili ampeleke ilibidi kwanza akiri kwamba ameona, na maneno hayo hayakutaka kutoka. Kumwambia mumewe Masele habari za uchi wa mama yake ndiyo usiseme. Akaamua amwachie wifi yake Mariana, kwa kuwa binti anaweza kuzungumza na mama aliyemzaa. Wakati ule lilionekana wazo la busara.

Alipoambiwa, Mariana aliahidi kumfuata mama, aliyekuwa amesharudi Didia, wakati wa Krismasi. Watoto wakaugua, akaenda baada ya Pasaka. Kila walipompigia simu mama alisema ni kiuno tu, kazi za shamba. Mariana alipofika alimkuta amekonda, hawezi kukaa sawasawa. Hospitalini daktari aliwaita yeye, Masele na Noela pembeni akawaambia saratani imeshasambaa, na kilichobaki ni dawa za maumivu. Masele alimgeukia mkewe amfafanulie, kama alivyozoea, na Noela akakosa pa kuweka uso wake.

Sasa Mama Masele analala chumba cha watoto. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Noela anamwogesha, anambadilisha nguo, anamsafisha pale pale ambapo alidhani angekufa kwa aibu akipatazama. Hakuna aliyekufa kwa aibu. Ni kazi ya kawaida tu, nayo inamuuma kuliko matusi, kwa sababu kipimo alichokikimbia kilikuwa kidogo kuliko hiki anachokifanya kila siku.

Wiki iliyopita, akimfuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, alishindwa kujizuia. Alimwomba msamaha, akamweleza kwamba asubuhi ile aliiona kanga na akanyamaza.

"Nilijua umeona," Mama Masele alisema. "Nikasema moyoni, ataniita, hii ndiyo kazi yake. Kukuomba niliogopa, mwanangu. Nilidhani nitakuvunjia heshima yako."

Noela alimwambia kwamba na yeye alikuwa akiogopa hilo hilo. Mama Masele aliuachia mguu wake unyanyuliwe, akatulia mpaka ukalazwa tena juu ya shuka.

"Kumbe mikono yako haiumizi," alisema. "Nilikuwa naogopa bure."

Noela aliendelea kumfuta, maana maji yalikuwa yanapoa.